Glezi za Majivu na Shino kwa Udongo wa Uganda: Mwongozo Kamili wa Majaribio

Majivu tunayo. Jiko la shule moja ya bweni linalopika posho na maharage kwa kuni za mkaratusi hutupa majivu kila asubuhi, na mwenye kuyahitaji huambiwa ayabebe yote, afagie na uwanja akimaliza. Taabu iko kwenye fomula. Mfinyanzi wa Kampala au Jinja huikuta mtandaoni, hupima kila kitu kwa gramu, huchoma, kisha hutoa bakuli lenye uso mkavu unaokwaruza mdomo, au hukuta glezi yote imeshuka na kuganda kwenye rafu ya tanuri. Aliyeiandika fomula ile alikuwa na majivu ya mti mwingine, feldspa (jiwe la madini linaloyeyuka kwenye moto mkali) ya mgodi mwingine na moto wa tabia nyingine. Kwa hiyo hapa tutaanza na malighafi zetu na kuzijaribu, na namba nitakazotaja zichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia tu.

Glezi ni kioo kilichoyeyukia juu ya chombo. Kinahitaji silika ambayo ndiyo kioo chenyewe, kiyeyushi cha kuifanya silika ilainike mapema, na alumina ya kukishikilia kisitiririke. Majivu ya kuni huleta hasa kalsiamu, pamoja na potasi. Feldspa huleta vyote vitatu kwa kiasi. Udongo huleta alumina na silika. Wachina waliligundua jambo hili zaidi ya miaka 3000 iliyopita, huenda baada ya kuona majivu yaliyorushwa na moto yakitua mabegani mwa vyungu na kugeuka kioo cha kijani. Shino ni ya Japani, eneo la Mino, mwishoni mwa karne ya 16: feldspa nyingi, udongo kidogo, glezi nene nyeupe yenye vitundu na wekundu pembeni. Ile inayonasa moshi na kutoka na madoa meusi na kijivu ilizaliwa Marekani, Minnesota, katika miaka ya 1970, pale magadi soda (kabonati ya sodiamu) yalipoongezwa.

Udongo kwanza

Glezi zote mbili huiva vizuri kati ya nyuzi za Selsiasi 1240 na 1300. Udongo mwekundu wa aina ya Kajjansi, unaotupa matofali na vigae vya paa, haukuumbwa kwa moto huo. Kwa kawaida ukipita nyuzi 1100 huanza kulegea, kuvimba, na mwisho kuyeyuka. Ukiwa na udongo huo peke yake na tanuri linalofika nyuzi 1000, achana na shino kwa sasa. Hakuna hila itakayoifanya iive.

Udongo wa moto mkali unaweza kuuchanganya mwenyewe. Udongo laini wa Mukono una mnato mzuri, kaolini (udongo mweupe) ya Mutaka kule magharibi huvumilia joto, feldspa inapatikana Mutaka na Lunya, na mchanga mweupe wa Lido pale Entebbe una silika nyingi. Anza na sehemu 45 za udongo wa Mukono, 25 za kaolini, 15 za feldspa na 15 za mchanga uliosagwa na kuchekechwa. Tengeneza vijiti vya urefu wa kiganja, ukiegemeze kila kimoja ncha mbili juu ya vipande vya tofali la moto, kisha uchome hadi joto utakalotumia. Kikipinda katikati, punguza feldspa. Kikibaki kimenyooka, kipime kikiwa kikavu, kichemshe saa mbili, kifute, ukipime tena. Kama kimenywa maji chini ya asilimia 3, udongo wako uko tayari kwa vyombo vya mezani.

Vyombo vyote vya majaribio vichomwe moto wa kwanza hadi nyuzi 900 au 1000, polepole, ili vinywe glezi bila kuvunjika mkononi.

Majivu: yapate kwa wingi, yatayarishe mara moja

Kosa la kawaida ni kukusanya kopo hapa na kopo pale. Wiki hii majivu ya muuza chapati, wiki ijayo ya sigiri ya nyumbani, na kila jaribio linakuwa na malighafi mpya. Tafuta chanzo kimoja kinachochoma kuni za aina moja kwa wingi, mathalani jiko la shule, tanuri la mikate, au kiwanda cha chai kinachotumia mkaratusi. Kuni kavu zisizo na magome hutoa kilo moja ya majivu kwa kilo 100, mara nyingi hata pungufu, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kulijaza gunia kwa kuchoma nyuma ya nyumba. Majivu ya sigiri nayaweka mwisho wa orodha. Makaa yetu huchomwa chini ya udongo, na udongo huo huingia nao, ukileta mchanga na chuma usichokijua kiasi chake.

Kila mmea una tabia yake. Mti mgumu huleta kalsiamu nyingi na huyeyuka kwa urahisi. Maganda ya matoke na migomba yamejaa potasi, na hivyo huyeyusha sana, lakini karibu yote huondoka ukiyaosha. Maganda ya mpunga kutoka Butaleja au Bugiri ni kinyume kabisa: majivu yake kwa kawaida ni silika zaidi ya asilimia 85, na peke yake hayayeyuki hata ukiyabembeleza. Mabaki ya miwa yana silika nyingi pia, na pale Kakira huchomwa kwa wingi kuzalisha umeme. Majivu ya aina hii hutumiwa kuipa glezi weupe wa maziwa, yakiwa na kiyeyushi kando.

Utayarishaji uko hivi. Chekecha majivu makavu kwa wavu wa mbu ili kuondoa makaa, misumari na mawe. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, umefunga barakoa ya vumbi na miwani. Yamimine kwenye pipa la plastiki lenye maji mengi, koroga kwa mti, ondoa makaa yanayoelea, yaache yatulie usiku kucha. Maji ya juu yatakuwa ya manjano na ya utelezi. Hayo ni magadi ya majivu, na watu wa Teso wanaochuja abalang ya kupikia mboga wanajua nguvu yake. Yanachubua ngozi, na yakiingia jichoni ni hatari kubwa, kwa hiyo glavu hazina mjadala.

Sasa amua: kuosha au kutoosha? Majivu yasiyooshwa hubaki na potasi yote, huyeyuka zaidi na kutoa michirizi mizuri, ila glezi yake hubadilika ndani ya ndoo siku hadi siku na kuchoma mikono. Kwa majaribio ninapendelea kuyaosha mara mbili: mwaga maji ya juu, jaza mapya, rudia. Unapoteza kiyeyushi kidogo, lakini unapata kitu kile kile leo na mwezi ujao. Kisha pitisha rojo kwenye chekecheo la matundu 60 au 80 kwa inchi, likaushe kwenye sinia juani, livunjevunje, na ulihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, umeandika mti, mahali na mwezi.

Feldspa ukiipata ikiwa mawe, ichome hadi iwe nyekundu, ipoze, iponde, kisha itafutiwe kinu cha mipira, yaani pipa linalozunguka lenye mipira migumu ya kusagia. Waulize watu wa idara za ufinyanzi Makerere na Kyambogo, au taasisi ya utafiti wa viwanda pale Nakawa. Usiipeleke kwenye mashine ya kusagia posho. Vumbi la mawe litabaki ndani, na watu watalila.

Mstari wa majaribio

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi hupaharakia. Tengeneza vigae vidogo vinavyosimama wima, vyenye mikwaruzo au matuta upande mmoja, kwa sababu glezi ya majivu huonyesha tabia yake inapoteremka na kupita juu ya kingo. Kigae kinacholala chali hudanganya: kila glezi huonekana imetulia. Chini ya kila kigae acha sentimita mbili bila glezi, na ukisimamishe ndani ya kisahani cha udongo cha kukinga matone.

Pima gramu 100 za mchanganyiko mkavu kwa kila jaribio. Cha kwanza ni majivu 80 na feldspa 20, kinachofuata 70 kwa 30, na hivyo hivyo hadi 20 kwa 80. Hivyo ni vigae saba. Ongeza maji hadi uzito wa malai, pitisha kwenye chekecheo, chovya kwa kuhesabu hadi tatu, kisha chovya nusu ya juu mara ya pili ili uone unene wa aina mbili. Andika namba nyuma ya kigae kwa oksidi ya chuma iliyokorogwa na maji. Penseli huungua na karatasi hupotea.

Baada ya kuchoma, vipange kwa mfuatano mezani. Upande wenye majivu mengi utaona uso mkavu wa kijivu au glezi iliyokimbia yote chini, kwa maana kalsiamu ikizidi, silika haitoshi kutengeneza kioo. Upande wa feldspa nyingi utaona nyeupe nzito yenye nyufa za nywele. Katikati, mara nyingi kati ya 60 kwa 40 na 40 kwa 60, kuna eneo linalong'aa. Chukua vigae viwili au vitatu vya hapo, na kila kimoja ukirudie kwa kuongeza gramu 10, kisha 20, kisha 30 za kaolini au udongo wa Mukono. Kuna mahali glezi itaacha kukimbia huku ikibaki na uhai. Wafinyanzi wengi duniani huishia karibu na majivu 40, feldspa 40, udongo 20, lakini yako ikitua kwenye 45, 30 na 25, hiyo ndiyo yako.

Usikose majaribio mawili ya bei ya chini kabisa. La kwanza ni nusu majivu na nusu udongo mwekundu wa kawaida, ule ule tuliosema unayeyuka. Hapa kuyeyuka kwake ni faida, na chuma chake hutoa kahawia, rangi ya asali au kijani cha zeituni kulingana na moto. La pili ni feldspa 40, majivu ya kuni 30 na majivu ya maganda ya mpunga 30. Likiiva vizuri hutoa weupe wenye wingu la samawati pale lilipokuwa nene. Kama ningeambiwa nichague glezi moja ya kuuza Uganda, ningeichagua hiyo ya mpunga kabla ya shino. Malighafi yake haiishi, na haina ukaidi.

Shino

Shino ya asili haina siri ya viungo: feldspa 80 hadi 90, udongo uliobaki. Feldspa yetu ya Mutaka ni ya potasi, na hiyo ni ngumu kidogo kuyeyuka kuliko ya sodiamu au mwamba wa nefelini unaotumiwa Marekani. Magadi soda husaidia kufidia. Anza na feldspa 70, udongo wa Mukono 20, kaolini 10, kisha juu ya gramu hizo 100 ongeza magadi soda 0, 4, 8, 12 na 16 kwenye vigae vitano. Kadiri yanavyoongezeka ndivyo glezi inavyoyeyuka mapema na kunasa moshi zaidi. Ukifika 16 unaweza kupata weusi uliofunika kila kitu, na mimi huuona ni mzito mno kwa kikombe.

Magadi soda safi ya viwandani hutoka Ziwa Magadi, Kenya, na huuzwa na wauza kemikali za sabuni. Magadi ya mawe ya sokoni ni kitu tofauti kidogo, kwa kuwa yamebeba maji na hewa ya kaboni ndani ya chembe zake. Yakiwa safi, gramu 100 ni sawa na gramu 70 tu za magadi soda. Ukiyatumia, zidisha kipimo kwa 1.4, au yakaange kwenye sufuria kuukuu isiyo ya aluminiamu hadi yaache kutoa mvuke. Chumvi ya Katwe isikushawishi. Imechanganyika na chumvi ya kawaida na salfeti, na chumvi ya kawaida kwenye moto mkali hutoa gesi kali inayokula tanuri na mapafu.

Yayeyushe magadi kwenye maji ya moto kwanza, ndipo umimine unga. Usimwage maji ya juu ya ndoo hata kidogo, maana magadi yote yamo humo. Utashangaa glezi ikionekana nyepesi ingawa ina unga mwingi. Hiyo ni kazi ya magadi kulegeza udongo, basi usipunguze maji wala kuongeza kabla hujachovya kigae na kukikwaruza kwa sindano. Unene wa milimita mbili au tatu hutoa weupe, na chini ya milimita moja hutoa rangi ya chungwa, hasa juu ya udongo wenye chuma. Ukitaka kijivu cha kale cha Kijapani, paka kwanza rojo la udongo mwekundu uliojaa chuma, chora kwa kuukwangua hadi uone weupe wa chini, ndipo uchovye shino juu. Mchoro utatoka mweupe ndani ya kijivu.

Ukaushaji nao ni sehemu ya urembo. Maji yanapotoka, magadi husafiri nayo na kujikusanya pale yanapokaukia: kwenye ukingo, mkono wa kikombe, popote upepo unapopiga. Laza jani la muhogo juu ya glezi mbichi, au funika nusu ya bakuli kwa kavera (mfuko wa plastiki), uache hadi pakauke polepole, na moshi utaandika tofauti hiyo. Usiguse chombo kikishakauka. Alama ya kidole huondoa chembe za magadi na haitafutika.

Shino na majivu zikikutana kwenye chombo kimoja, shino itangulie chini na majivu yafuate juu, kidogo. Ukigeuza mpangilio, shino hujikusanya kama matone na kuacha udongo wazi.

Moto

Mfinyanzi wa kwetu anayefukiza chungu kwa majani makavu ili kiwe cheusi anaijua nusu ya somo hili: moshi ukikosa hewa huingia ndani ya udongo. Shino inataka moshi huo uje mapema, kabla glezi haijafunga uso. Hiki ndicho kinachoitofautisha na glezi nyingine za moto mkali, na ndiyo sababu tanuri la umeme halitakupa ile ya madoa meusi. Majivu hayana shida hiyo. Kwenye umeme hutoka ya manjano na kahawia, na kwenye moshi hutoka kijani.

Kwa tanuri la gesi au kuni, panda polepole na moto safi wenye hewa hadi karibu nyuzi 870, pale koni namba 012 (kijiti cha kupimia joto kinachoinama moto ukifika kiwango chake) inapoinama. Hapo sukuma kilango cha dohani ndani na punguza hewa ya chini, hadi ulimi laini wa moto utoke kwenye tundu la kuchungulia. Shikilia hivyo dakika 45 hadi saa moja. Moshi mweusi mzito juu ya paa ni kuni na gesi unazopoteza, na majirani watakuja. Kisha legeza kidogo na uendelee na moshi mwepesi hadi koni namba 10 iiname, karibu na nyuzi 1290. Joto likikataa kupanda, fungua hewa kidogo badala ya kuongeza kuni. Mwisho, moto safi kwa dakika 10 na ufunge matundu yote.

Kupoa nako kunahesabika. Glezi ya majivu yenye kalsiamu nyingi ikipoa taratibu huota fuwele na kufifia mng'ao. Ukitaka ing'ae, acha joto lishuke haraka hadi nyuzi 1100 ndipo ufunge. Shino hupenda taratibu, wekundu wake hukolea.

Moto wa namna hii hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Tanuri liwe nje au chini ya paa lisilo na kuta, na asilale mtu karibu nalo. Rafu zipakwe rojo la kaolini na alumina, na glezi iishie angalau sentimita moja kutoka chini ya chombo.

Kusoma matokeo

Uso mkavu kote, pamoja na koni iliyosimama, ni moto mdogo. Ikiwa koni imeinama vizuri na uso bado ni mkavu, ongeza feldspa au silika. Glezi iliyokimbia yataka kaolini zaidi. Shino iliyojikusanya na kuacha mabaka, kama hukuipenda, ilipakwa nene mno au juu ya vumbi. Shino nyeupe tupu isiyo na alama yoyote ya moshi maana yake moshi ulichelewa, na hapo usibadilishe fomula kabla hujaurudia moto.

Kabla ya kuuza kikombe, mimina siki ndani hadi nusu na uiache usiku kucha. Ukiona mstari au rangi imefifia asubuhi, glezi hiyo ni ya vyombo vya maua. Jaribio hili hukamata glezi dhaifu, lakini halithibitishi usalama wote, kwa hiyo chochote chenye risasi, hasa ya betri za gari, kisikaribie ndoo zako. Shino yenye nyufa za nywele juu ya udongo unaonyonya maji isiwekewe maziwa wala supu.

Gunia la majivu likifika nusu, usingoje liishe. Leta gunia jipya kutoka chanzo kile kile, lioshe vile vile, uchome vigae vitatu tu vya fomula yako: kimoja cha majivu ya zamani, kimoja cha mapya, kimoja cha nusu kwa nusu. Vikifanana, changanya magunia yote mawili na uendelee. Visipofanana, rudi kwenye mstari wa vigae saba ungali una majivu ya zamani ya kulinganishia.